Dereva Aliyejifunza Kuuguza

Jina la Mgeni alipewa na watoto wake mwenyewe, na hakuwa na la kubisha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuondoka kabla chai haijachemka na kurudi baada ya wiki mbili akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akitokea getini, watoto walikimbilia ndani kutangaza, "Mama, mgeni kaja," na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikula, akalala, akapanda juu kutazama kama paa linavuja, akaacha pesa ya matumizi, akaondoka tena. Mambo mengine yote ya nyumba ile yalikuwa mikononi mwa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi.

Bosi alikuwa fundi cherehani, na hakushona kitu kingine zaidi ya sare za shule. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: marobota ya kitambaa cha buluu na kijani yamepandana karibu na dari, mkebe wa vifungo, pasi nzito, na meza ya kukatia ambayo ilibidi isafishwe chaki kila watu walipotaka kula. Alisifika kwa marinda. Sketi yake iliweza kufuliwa mwaka mzima, ikakaliwa, ikarukiwa kamba, na bado rinda likabaki limesimama kama limetoka kupigwa pasi asubuhi ile. Mzazi aliyeleta kitambaa dakika za mwisho alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke, kisha akashonewa hivyo hivyo, na mtoto hakukosa siku ya kwanza ya shule.

Goti la mguu wa klachi lilipogoma, Mgeni alistaafu. Alirudi nyumbani na begi moja na mazoea yake yote ya barabarani. Alipanga upya vyombo vya jikoni, akatengeneza vitasa ambavyo havikuwa vimeharibika, akamuuliza mkewe kila saa kama kuna la kusaidia.

"Mume wangu," Bosi alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye mashine, "mimi nimezoea kukukumbuka. Kukuona kila siku bado sijazoea. Nipe muda."

Muda wenyewe haukuwa mrefu. Bosi alikuwa anatoka damu kwa miezi na amekaa nayo kimya, kwa sababu msimu wa sare ulikuwa umepamba moto na yeye hakuwahi kuugua msimu wa sare. Hospitali walisema ni saratani ya mlango wa kizazi. Akapigwa mionzi, akapata nafuu, akashona msimu mwingine mzima akijua kila mtu anamtazama mwendo. Kisha mgongo ukaanza kuuma, na picha zikaonyesha ugonjwa umehamia kwenye mifupa.

Daktari aliyewapa habari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa karibu nao kabla ya kusema lolote.

"Mama, nikikuongezea mionzi sasa nitakuchosha bila kukuponya," alisema. "Lakini bado kuna mengi ya kukufanyia. Nitawapa namba ya watu wa hospisi. Wanatoa tiba shufaa, yaani kazi yao ni kuondoa maumivu na kuhakikisha mgonjwa na familia yake hawahangaiki peke yao. Wapigieni leo."

Mgeni alisikia maneno mawili tu: "bila kukuponya" na "hospisi." Hilo la pili alishalisikia kijiweni kwa madereva wenzake, ambako lilitajwa kwa sauti ya chini, kama mahali mtu anapopelekwa watu wakishamaliza kumlilia. Namba aliiingiza kwenye simu, hakuipiga.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Bosi aliumwa mchana na usiku, akijikaza kisabuni kwa kuuma upindo wa kanga ili majirani wasisikie. Vidonge vya dukani vilikuwa kama kumwagia glasi ya maji lori linalowaka moto. Tena kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya mgongo, na hilo hakulitaja: harufu. Ugonjwa ulikuwa unatoa uchafu wenye harufu nzito, na yeye aliyekuwa anapokea wateja wake akiwa amenyooka kama kola mpya, alifunga mlango wa mbele, akashusha mapazia, na kuagiza kila anayebisha hodi aambiwe fundi amesafiri.

Binti yao, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na wote walimwita Mwalimu hata nyumbani, alipita kila jioni akitoka kazini.

"Baba, ile namba umepiga?"

"Nitapiga."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Na leo nimesema tena."

Kilichommaliza Mgeni ni kikombe cha chai. Alikuwa anamletea mkewe kitandani, goti likamlegea kidogo, akajishika kwenye ukingo wa kitanda. Mtikisiko ule mdogo tu ulimpasua Bosi mgongo. Alikinyakua kikombe akakivurumisha ukutani. Kisha akatazama chai inavyoshuka kwenye rangi ya ukuta, akaanza kulia, siyo kwa maumivu, kwa aibu ya kumrushia mtu kikombe. Katika miaka yote ya ndoa Mgeni hakuwahi kumwona akilia. Alifuta ukuta, akamwita jirani aje akae naye, akaazima gari dogo la mizigo la fundi seremala wa nyumba ya tatu, akaenda kujionea mwenyewe hiyo hospisi ikoje.

Alitarajia jengo la kimya lenye korido ndefu. Alikuta nyumba ya kawaida yenye baraza, shuka zimeanikwa kwenye kamba, na wanawake wawili jikoni wanabishana juu ya chumvi huku wakicheka. Barazani alisimama nesi mfupi, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anakula chakula cha mchana akiwa wima.

"Karibu mzee. Nikusaidie nini?"

Mgeni alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka ni mengine. "Mgonjwa akiingia hapa huwa anatoka?"

"Wengi hawaingii kabisa," nesi alisema. "Tunawafuata kwao. Wagonjwa wetu karibu wote wako majumbani mwao, wanagombana na wake zao kama kawaida. Wewe mgonjwa wako ni nani?"

"Mke wangu."

"Ana maumivu?"

"Makubwa."

"Tangu lini?"

"Wiki kadhaa sasa."

Nesi aliweka kijiko chini. "Ngoja nichukue mkoba wangu."

"Twende leo?"

"Ulitaka aumie mpaka Jumatatu?"

Njiani alimweleza kwamba watu humwita Sista, na kwamba yeye si mtu wa kuzungusha maneno, hivyo asije akaudhika. Mgeni alimwambia huko anakoenda atakutana na mwenzake.

Sista aliingia chumbani, akavuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Bosi. Mgeni alijiandaa kueleza historia ya ugonjwa. Sista alimnyamazisha kwa kiganja.

"Mama, nataka kusikia kwako. Haya maumivu yanafananaje?"

Bosi alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo. Wengine wote walikuwa wanauliza tu kama yapo.

"Umewahi kuchomwa kidole na sindano ya cherehani, ikapita mpaka kwenye mfupa?"

"Sijawahi, lakini nimeelewa."

"Basi ni hiyo, na mtu hajaacha kukanyaga pedali."

Baada ya kuongea na daktari wao kwa simu, Sista alitoa kwenye mkoba chupa ya mofini ya maji. Mgeni akashtuka. Mofini alikuwa anaijua kwa sifa zake.

"Sista, hii si ndiyo ile inayowaharibu vijana? Nisije nikamfanya mke wangu teja uzeeni."

"Mtu anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo, hawi teja," Sista alijibu. "Anakuwa mtu asiyeumwa. Tunaanza na kidogo. Utampa kila baada ya saa nne, usisubiri mpaka aumwe ndipo uanze kutafuta chupa. Maumivu tunayatangulia, hatuyafukuzi kwa nyuma. Na hii nyingine ni ya kulainisha choo; ukiisahau hii, atakuchukia wewe, siyo mimi."

"Nitaisahau vipi," Mgeni alisema, "wakati mimi maisha yangu yote nimekwenda kwa saa."

Kisha Sista alimwomba atoke, akafunga mlango, akabaki na Bosi peke yake kwa muda mrefu. Mgeni alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, akasikia mazungumzo ya chini chini, halafu, jambo ambalo hakulitarajia, akasikia mkewe akiguna kile kicheko chake cha puani. Baadaye aliambiwa walichozungumza. Sista alikuwa ameitaja harufu kabla Bosi hajapata la kujificha nyuma yake. Alimwambia harufu ina dawa yake kama maumivu yalivyo na dawa yake, akamwonyesha jinsi ya kujisafisha na kutumia unga wa vidonge vya kuua vijidudu vilivyosagwa, akamwahidi kwamba wiki isingeisha kabla ya chumba kunukia sabuni.

Jioni ile, baada ya kipimo cha pili, Bosi alilala. Alilala kama mtu aliyekuwa anadaiwa usingizi na benki. Mgeni alikaa pembeni ya kitanda akimsikiliza anavyokoroma, na hakuna muziki wa redio ya lori uliowahi kumfurahisha vile.

Sista alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, kisha kila wiki, na kila alipokuja alimwachia Mgeni somo jipya. Jinsi ya kumgeuza mgonjwa kwa kutumia shuka bila kumkwaruza ngozi. Mahali pa kuweka mto ili mifupa ya nyonga ipumue. Jinsi ya kusafisha kinywa kwa kitambaa laini. Mikono ya Mgeni ilikuwa imezoea usukani na spana kubwa, na siku ya kwanza ya kumwogesha mkewe alikamua kitambaa mara tatu kabla ya kumgusa.

"Unaogopa nini?" Bosi aliuliza.

"Nisikuumize."

"Umefunga maturubai kwenye mvua na upepo. Mimi si mzito kuliko turubai."

Alimwogesha. Akaona, mchana kweupe, makovu ya uzazi ambayo hakuwepo yalipopatikana, na bega la kulia lililoshuka kidogo kuliko la kushoto kwa sababu ya miaka ya kuinamia mashine. Bosi naye alifumba macho na kumwacha, na tangu siku ile kazi hiyo hakumruhusu mtu mwingine aifanye, hata Mwalimu.

Harufu ilikwisha kama Sista alivyosema. Asubuhi moja Bosi aliamuru mapazia yapandishwe na mlango wa mbele ufunguliwe. Mama mmoja wa mtaani, aliyekuwa amezoea kuambiwa fundi kasafiri, alipita, akarudi nyuma, akachungulia.

"Bosi, umerudi lini?"

"Sikwenda popote. Nilikuwa naumwa, na bado naumwa, na sitapona. Shule zinafunguliwa karibuni. Mwanao kitambaa chake kiko wapi?"

Jioni kitambaa kililetwa, na kesho yake vikaletwa vingine.

Mgeni alifikiri mkewe anatania. Hakuwa anatania. Mikono ilikuwa mizima, macho yalikuwa mazima, maumivu yalikuwa yamerudi nyuma mpaka mahali ambapo aliweza kuyavumilia. Tatizo lilikuwa miguu, ambayo haikuwa tena na nguvu ya kukanyaga pedali. Mgeni alimpigia simu Sista kuuliza kama inaruhusiwa.

"Akichoka alale," Sista alisema. "Asipochoka ashone. Mimi nilidhani ndiyo sababu tunampa dawa."

Basi Bosi aliketishwa kwenye kiti chenye mito mitatu, na Mgeni akakaa pembeni kwenye kigoda, mguu wake mzima juu ya pedali. Mara ya kwanza alikanyaga kwa nguvu ya mtu anayepandisha mlima na shehena ya saruji, uzi ukakatika, sketi ikakunjamana.

"Punguza," Bosi alisema. "Hapa hakuna mlima."

"Samahani."

"Ukifika kwenye kona, mimi ndiye ninayekata. Wewe tuliza mguu tu. Sikiliza mashine inavyolia, usitazame mkono wangu."

Walijifunza. Yeye aliongoza kitambaa, mumewe aliendesha, na baada ya siku chache hawakuhitaji hata kusemeshana. Alikuwa akigusa tu gurudumu kwa kidole na mguu wa Mgeni unasimama. Walishona rinda baada ya rinda, taratibu, kwa muda wa saa moja asubuhi na nusu saa alasiri. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, midomo ikapata nafasi. Bosi alimuuliza mambo ambayo hakuwahi kumuuliza: alikuwa analala wapi, alikuwa anakula nini, alikuwa anawaza nini kwenye zile barabara zilizonyooka siku nzima.

"Nilikuwa nawaza nyumbani," Mgeni alisema.

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Nilikuwa nawaza nyumbani, halafu nikifika nilikuwa sijui nikae upande gani. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe."

Bosi aligusa gurudumu, mashine ikanyamaza. "Ungeuliza tu," alisema. "Ningekuonyesha."

Hivyo ndivyo kijana wao mkubwa alivyowakuta. Yeye ni fundi wa majokofu kwenye mji wa mbali, na alikuwa amekuja kwa basi, moyo juu, akiwa tayari ameongea na hospitali moja ya kulipia iliyokubali kumpokea mama yake. Alisimama mlangoni na begi begani, akamtazama baba yake amekalia kigoda anakanyaga cherehani, na kwa muda hakujua aanze kusalimia nani.

Kesho yake Sista aliitisha kikao cha familia pale pale sebuleni. Walikuwepo Mgeni, Bosi, Mwalimu, kijana mkubwa, na mdogo wake Bosi, ambaye watoto wanamwita mama mdogo. Sista alisema kila mtu atazungumza na hakuna atakayekatizwa, na kijana mkubwa akaanza. Alisema mama anahitaji hospitali, mashine, dripu, madaktari wanaokesha. Alisema hawezi kukaa huko mbali akijua mama yake amelazwa katikati ya vitambaa.

"Huko watanifanyia nini ambacho hapa sifanyiwi?" Bosi aliuliza.

Kijana alimtazama Sista.

"Usinitazame mimi, mwanangu," Sista alisema. "Nitakuambia ukweli tu. Mkimpeleka, watamtundikia dripu, watampima damu, na watampa dawa hii hii ya maumivu. Ugonjwa hautarudi nyuma. Kama angetaka kwenda, ningemsindikiza mwenyewe."

"Mama, watu watasema tulikutelekeza."

"Watu gani? Ambao nimeshawashonea, au ambao bado?"

Mwalimu alicheka, mama mdogo akacheka, lakini kijana hakucheka. Alimgeukia baba yake. "Na wewe, mzee, leo ndiyo umejua njia ya nyumbani?"

Mgeni alihisi neno lile lilivyomwingia, na alijua pia kwamba limekaa kwenye kifua cha mwanawe kwa miaka mingi likisubiri siku.

"Ndiyo," alisema. "Nimechelewa. Lakini nimefika, na sitoki tena. Mama yako amesema anataka kubaki hapa, na mimi nimejifunza kumtunza hapa. Ukitaka kunisaidia, nitafurahi. Ukitaka kunisema, niseme, lakini saa ya dawa ikifika utanisubiri kwanza nimpe."

Bosi alimpa mwanawe mkono, naye akausogelea. "Baba yako kakaa na mimi miezi hii kuliko miaka yote ile," alisema. "Usiniharibie."

Kijana alilia. Sista hakumharakisha, alimwacha alie mpaka aridhike, kisha akamwita mezani, akamwonyesha bomba la kupimia dawa, akamwambia kipimo cha alasiri ni cha kwake. Yule kijana, ambaye kazi yake ni kupima gesi bila kukosea hata tone, alipima mofini ya mama yake akiwa amebana pumzi. Kitanda cha ile hospitali alikipigia simu jioni hiyo hiyo kukiachia. Hakurudi alikotoka, aliomba ruhusa kazini, akabaki.

Shule zilifunguliwa. Bosi aliketishwa dirishani asubuhi ile kuwatazama watoto wakipita, akazihesabu sketi zake kwa macho, na moja ambayo haikuwa yake aliisema vibaya mpaka Mwalimu akamziba mdomo kwa kucheka. Baada ya hapo hakushona tena. Alianza kulala zaidi kuliko kuwa macho. Akala kijiko, kisha nusu kijiko.

Mama mdogo hakuweza kulivumilia hilo. Alikuja na bakuli la supu kila mchana na kumbembeleza dada yake mpaka machozi. Sista alimkuta siku moja akimlazimisha, akamshika bega kwa upole.

"Mama, yeye hafi kwa sababu hali chakula," alimwambia. "Hali kwa sababu mwili unafunga kazi. Ukimlazimisha utampa shida ya bure. Mloweshe midomo, mpake mafuta, mwambie yale ambayo hujamwambia. Anasikia."

Siku hiyo hiyo Sista aliwakalisha wote jikoni na kuwaeleza yatakayokuja: kwamba miguu itakuwa ya baridi, kwamba pumzi zitaachana, kwamba huenda akatoa sauti ya kukoroma kooni inayotisha kuisikia lakini haimuumizi yeye. Kwamba hakuna haja ya kukimbilia hospitali wala kuita gari. Mgeni alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza madereva waliotoka kwenye barabara asiyoijua: wapi pana shimo, wapi pana daraja bovu, wapi uende taratibu. Alipomaliza kuambiwa, hofu haikwisha, ila ilipungua ukubwa mpaka akaweza kuibeba.

Siku chache kabla ya mwisho, Bosi alizinduka, akawa mwenyewe kabisa kwa muda. Aliwaita wanawe mmoja mmoja. Walichoambiwa ni chao. Kwa mumewe alisema, "Wewe huna deni kwangu. Nimelifuta." Kisha akataka kujua kama yule mtoto wa nyumba ya kona alishakuja kuchukua shati lake.

Alifariki asubuhi, jua limeshaingia chumbani, barabarani watu wanakwenda kazini. Mwalimu alikuwa kando ya kitanda anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, kwa maana mama yake alikataa katakata mtu kukaa bure kumtazama. Kijana mkubwa alikuwa jikoni. Mgeni alikuwa ameushika mguu wa mkewe chini ya blanketi, akaona pumzi zinaachana, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Alijua ni nini. Aliita kwa sauti ya kawaida, "Njooni." Wakaja, wakamshika kila mtu mahali pake. Mama mdogo, aliyekuwa anaogopwa kwamba atapiga mayowe, alikuwa anamnong'oneza dada yake sikioni mambo ya utotoni mwao mpaka ile pumzi nyingine ikakosekana.

Baadaye Mgeni alimpigia Sista.

"Bosi ametangulia," alisema.

"Aliumwa?"

"Hakuumwa."

"Basi mmefanya kazi nzuri. Kaeni naye. Nakuja, lakini hakuna haraka."

Wengi hudhani hapo ndipo watu wa hospisi wanapofunga mkoba wao. Wiki kadhaa baada ya maziko, Sista alibisha hodi. Mgeni alimfungulia akiwa na ufagio mkononi.

"Mgonjwa hayupo tena, Sista."

"Nimekuja kumwona wewe. Unalala?"

"Nalala. Ila bado naamka saa za dawa."

"Hiyo itakuacha taratibu. Unakula?"

"Naunguza, lakini nakula."

Alikaa naye asubuhi nzima. Walizungumza habari za Bosi, wakacheka sana, na Mgeni akalia mara moja tu, pale alipoeleza zile wiki alizokaa na namba ndani ya simu huku mwenzake anauma kanga. Sista hakumwambia asijilaumu. Alimwambia zipo familia nyingi ambazo namba wanayo na hawaipigi, na kwamba mtu aliyepita njia ile husikilizwa kuliko nesi.

Mgeni alilichukua kwa uzito. Kijiweni, mazungumzo yakigusa mgonjwa wa mtu, hanyamazi tena. Husema wazi kwamba wale wa hospisi si watu wa kuzika, ni watu waliomrudishia mke wake miezi ambayo maumivu yalikuwa yameshaichukua. Wenzake humtania kwamba amekuwa mhubiri. Wawili kati yao wamekwisha kumfuata pembeni kuomba ile namba, na mmoja alimwomba waende pamoja.

Wanawe huja Jumapili. Kijana mkubwa siku hizi hupitia kila safari ya kazi inapomleta upande huu. Hukaa mezani baada ya kula, na desturi imejijenga yenyewe. Wao humtaka baba yao awasimulie ile miezi ya mwisho, mambo waliyokuwa wakizungumza wakati wa kushona. Naye huwataka wamsimulie ile miaka mingine yote. Jumapili iliyopita Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi mama yao alivyomfukuza mwizi wa nguo kwa mkasi wa kukatia, akiwa na mimba ya miezi saba.

"Mimba ya nani?" Mgeni aliuliza.

"Yangu," Mwalimu alisema.

"Na mwizi?"

"Alirudisha nguo. Zikiwa zimekunjwa."

Mgeni alicheka mpaka akashika mbavu, akavuta kiti karibu na meza. "Haya," alisema, "anza tena tangu mwanzo, na usiruke kitu."